Mifugo ya Sisimizi

Nimepanda kunde chache nyuma ya nyumba yangu hapa Area D, na asubuhi ya leo nimekuta mashina yamejaa vidukari weusi, wamebanana hata kijani hakionekani. Jirani akanihimiza nikanunue dawa. Nikaangua kicheko mpaka akanishangaa, maana mawazo yalishafika Makutupora, kwenye bustani ya bibi.

Bibi yangu alizaliwa kwenye boma la ng'ombe, na kila jambo duniani alilipima kwa ng'ombe. Kunde alilima kwa ajili ya majani. Wakati wa mvua tuliyachuma, tukayachemsha, tukayaanika mkekani, yakawa mboga ya kiangazi kizima. Ile harufu yake yakikauka hunitia njaa hata leo. Kunde zikiharibika, tungekula ugali wa uwele kwa chumvi hadi mvua nyingine, na hilo kila mtoto pale nyumbani alilijua.

Mwaka mmoja vidukari wakatuvamia. Majani yakajikunja, yakawa yananata. Tulitaka kuwaponda kwa vidole, bibi akatuzuia. Alikuwa ameinama akitazama sisimizi wanavyopanda shina na kuwagusagusa vidukari mgongoni. Kidukari anatoa tone tamu, sisimizi analinywa.

"Wanakamua!" alisema, amefurahi kwelikweli. "Msiwaguse. Hiyo ni mifugo ya watu."

Basi ikawa hivyo. Bibi hakuwa mtu wa kudhulumu mifugo ya wengine, hata wenyewe wawe wadogo namna gani. Kunde zikazidi kunyauka, nasi watoto tukaanza kuisikia ile chumvi mdomoni.

Aliyetuokoa ni mwalimu, jirani yetu, mtu wa kuja, aliyependa kumsalimia bibi kwa kilugha chetu, "Mbukwa!", kwa lafudhi ya kutuvunja mbavu. Siku hiyo alikuja kuomba mboga, akaziona kunde, akamweleza bibi kwamba wale wadudu wekundu wenye madoa meusi hula vidukari, ila sisimizi huwafukuza.

Bibi akatafakari. "Kumbe simba wapo," alisema, "wanazuiwa na wachungaji."

Hakuua hata sisimizi mmoja. Alichota majivu jikoni, akazungushia kila shina, na wachungaji wakashindwa kupita. Wekundu wakaja, wakazaa watoto weusi wenye miiba, wabaya wa sura, walafi ajabu. Machipukizi mapya yakatoka safi. Kiangazi kile tulikula mboga mpaka tukaichoka, na nani angelalamika?

Bibi peke yake hakuwa na raha. Mstari wa mwisho, ule wa kwenye ua, aliuacha bila majivu.

"Tumewahamisha kwao," alisema. "Hata mahali pa kufugia wasipate?"

Mama alimcheka, lakini kila mwaka bibi aliuacha mstari ule, na kila mwaka wekundu hawakutuhama, kwa kuwa pale chakula chao hakikukosekana. Hilo nimelielewa ukubwani. Yeye aliwaonea huruma tu.

Bibi ameshatutoka, na bustani imekatwa viwanja. Nawajua wakulima hodari wengi siku hizi, tena mboga zao zinapendeza kuliko zetu za wakati ule. Ila sijakutana na mwingine anayewapandia sisimizi mstari wao, kisha akaweka jembe chini awatazame wakikamua.