Vitabu Vilivyobaki Guniani

Nakumbuka siku moja kule Turbo, mwanangu, mavuno ya kwanza baada ya vita vya uchaguzi wa tisini na mbili. Nilikuwa mjane bado kijana, na kusoma kulikuwa kumenishika kama homa.

Nikueleze kulivyoanza. Mume wangu alikuwa mwalimu, mtu wa kutoka ziwani, na hamu yake ilikuwa asome kila kitabu chenye maana kabla hajafa. Tulipokimbia nyumba, jirani yetu, nyanya mwenyeji tuliyemwita Kogo, alificha gunia la vitabu vya mume wangu ghalani kwake, chini ya mahindi. Mwalimu alishikwa na kifua kwenye hema za wakimbizi, akafa. Hakuuawa na mtu, siwezi kusema uongo. Lakini alikufa akiulizia gunia lake.

Niliporudi niliapa kummalizia vile vitabu. Mimi niliishia darasa la saba, lakini nilisoma hata nikipika, uji ukaungua, mtoto akalia. Nikifunga kimoja nafungua kingine. Na kila nikimaliza nilihuzunika, maana gunia lilikuwa bado limejaa.

Siku hiyo nilikuwa nikimsaidia Kogo kuvuna. Tulipofika mwisho wa shamba, nikarudi kwenye mistari kutafuta mahindi yaliyoanguka.

"Wewe, Mama Neema! Unatafuta nini huko?"

"Yamebaki mengi, Kogo."

"Wacha yabaki. Hayo ni ya wapitaji. Ama unataka wajane wa watu waokote mawe?"

"Kwani mjane si ni mimi?"

"Basi nenda uokote kwa shamba la mwingine!" Tukacheka. Kisha akaniangalia sana. "Na kile kitabu cha jana, kilisema nini?"

Nikaanza kumweleza, nikagundua hata jina lake nimelisahau.

"Mwalimu alivuna mpaka jua lake likatua," akasema. "Nani amekutuma umwokotee mpaka shamba libaki jeupe?"

Nilikaa pale kwenye mabua nikalia. Tangu tumzike, hiyo ndiyo mara ya kwanza nilimlilia yeye mwenyewe. Siku zile zingine nilikuwa nikililia gunia.

Nilichagua kitabu kimoja, kile ambacho Mwalimu alikuwa amekikunja ukurasa katikati, nikakisoma polepole mpaka mvua zikarudi. Vingine niliwapa majirani. Fundi wa baiskeli alichukua viwili, akarudisha kimoja kikiwa na grisi. Vingine sijaviona tena, na sivitafuti.

Sasa naishi Kapsoya. Neema wangu, yule aliyekuwa akilia uji ukiungua, anafundisha chuo huko Chepkoilel. Juzi alilalamika, "Mama, hata maktaba yetu tu siwezi kuimaliza!" Nikamwambia, "Hiyo ni habari njema. Kaa chini unywe chai."

Mwanangu, hakuna atakayesoma vyote, hata vile vizuri tu. Mtaka yote hukosa yote, na mimi nilikuwa karibu kukosa hata huzuni yangu mwenyewe. Soma kimoja mpaka ujue kilikuambia nini. Ukikipenda, kirudie bila aibu. Na ukimzika mtu aliyeacha kazi nusu, usimhurumie kwa hiyo nusu. Huenda aliwaachia wapitaji.

Mungu akulindie macho yako. Akupe kitabu kizuri mkononi na amani nyumbani. Na siku utakayokunja ukurasa wako wa mwisho, akuletee mtu wa kuendelea kutoka hapo.