Tanuru la Mzee wa Vitambaa

Kazi yangu ni moshi. Wenzangu katika ofisi ya mazingira wana mito na takataka. Mimi nilipewa mabomba ya viwanda na majiko ya shule. Kwa hiyo Wahindu wa hapa Morogoro walipoomba kibali cha tanuru la kuchomea maiti, faili lilitua mezani kwangu. Mimi ni Mkatoliki wa milimani, nimezoea mtu akifa anazikwa, basi nililifungua kwa ncha za vidole.

Mwombaji alikuwa mzee muuza vitambaa, ambaye mama alinunua kwake kitambaa cha sare yangu ya kwanza. Zamani walichoma kwa kuni kwenye kiwanja chao nje ya mji. Mji ukakua, nyumba zikafika hadi ukutani, majirani wakalalamikia moshi, kuni zikapigwa marufuku. Tangu hapo maiti zao zilipelekwa Dar. Moyo wa mzee ulikuwa mbovu, na mwenyewe alijua.

"Mwanangu," aliniambia, "mke wangu alichomwa pale. Sitaki kusafirishwa kama mzigo. Nataka nichomwe nyumbani."

Nilimwonea huruma, lakini huruma haipimi moshi. Ripoti ya mshauri wao niliirudisha kwa hasira, maana alichukua upepo wa baharini wa Dar akatubandikia sisi. Huku mchana upepo hupanda milima ya Uluguru, na jioni hushuka na baridi ukalaza moshi juu ya mapaa. Nikadai bomba refu zaidi, chumba cha pili cha kuunguza moshi kabla haujatoka, na kazi yote ikome kabla ya jioni. Walikubali kila kitu.

Likabaki sharti la kuwasikiliza majirani. Tulikutana kwenye uwanja wa shule, nami nimejiandaa kwelikweli: majibu ya vumbi ninayo, ya harufu ninayo, hata ya zebaki inayotoka kwenye meno yaliyozibwa. Akasimama mama mmoja muuza mboga, ambaye nyumba yake imepakana na ule ukuta.

"Moshi mnasema mtaupunguza, sawa. Mie nina neno na huyu babu." Akamgeukia. "Shikamoo, babu."

"Marahaba."

"Mkeo alikuwa mteja wangu wa mchicha. Alipokufa, nani alinipa taarifa? Moshi! Naanika nguo, nauona, nauliza, naambiwa ni yule mama. Mkifiwa hamtuiti. Ujirani gani huu?"

Watu wakaguna kwa kukubali. Nami nikakumbuka malalamiko yote ya moshi niliyowahi kuyapokea kutoka mtaa ule, nikahisi sikuwahi kuyaelewa hata moja.

Mzee alisimama kwa shida. "Tulidhani maiti zetu zinawachukiza. Ndiyo maana tulifanya kimyakimya."

"Na sasa tanuru lenyewe halitatoa moshi," mama akasema. "Hata hiyo taarifa hatutaipata. Mtatuita, au tukatae?"

"Tutawaita. Na msiba wa kwanza huenda ukawa wangu, kwa hiyo msikae mbali na simu."

Watu wakacheka, tanuru likapita. Nilijaribu kuliandika sharti la yule mama kwenye kibali, mkuu wangu akalikata: msiba si uchafuzi wa hewa. Nilinuna, ingawa alikuwa sahihi.

Mzee alifariki wakati wa masika. Tanuru lilikuwa tayari, na yeye ndiye wa kwanza kuwashiwa. Mwenyekiti wa mtaa alipita nyumba kwa nyumba. Mimi nilikwenda kikazi, maana uchomaji wa kwanza lazima upimwe. Nilikuta kinamama wamejifunga kanga, mikeka imetandikwa, na yule muuza mboga anapika maharage bila kipande cha nyama. Alikuwa ameshauliza wafiwa wanakula nini.

Kipimo changu kilisoma vizuri. Juu ya bomba palikuwa na mbingu tu.

"Wameshaanza?" yule mama akaniuliza.

"Muda mrefu."

"Mbona sioni kitu?"

"Ndivyo nilivyowaagiza."

Aliendelea kuangalia juu, kisha akaanza kulia, na mimi nikalia naye, mwenye kazi ya moshi.

"Sasa tutajuaje kwamba amekwisha?" akasema, akijifuta kwa kanga. "Basi tutakaa hapahapa mpaka wazime."

Akanisogezea mkeka. Nikakiacha kipimo kiendelee kusoma, nikavua viatu, nikakaa.