Betri Nilizozianika Pamoja na Michembe

Mimi si mtu wa kuchekwa, na hapa Ihanja wanajua. Mtoto akinipita bila shikamoo namrudisha alikotoka aje upya. Kwa hiyo kuwasimulia hili la betri kunaniunguza uso, lakini afadhali mlisikie kwangu kuliko kwa jirani yangu Mama Zuhura, ambaye siku hizi ameshaongeza na moshi, na moshi haukuwepo.

Mjukuu wangu Salome ni fundi umeme wa magari. Nimemlea mimi, na (simwambii mbele yake, asije akavimba kichwa) msichana yule ana mikono. Sasa kuna daktari wa mifugo, mama mtu mzima, anazunguka vijijini kuchanja kuku, na anaishi ndani ya gari. Sisemi analala kwenye kiti. Gari lina kitanda, lina jiko, lina beseni la vyombo na bomba lake, lina friji la dawa. Nililizunguka kama wifi anayekagua bibi harusi, nikakosa kasoro. Ubovu ulikuwa kwenye betri za upande wa nyumba, zile zinazoendesha friji na taa gari likiwa limezimwa, zilikuwa zimekufa. Daktari akaja na mpya mbili, za lithiamu, akataka Salome ndiye azifunge, maana mwaka jana alimtengenezea gari likamfikisha Rungwa na kumrudisha. Dawa ya kideri ilikuwa kwenye boksi la barafu, na barafu inayeyuka. Watu walishatangaziwa walete kuku alasiri. Barafu ikiisha kabla friji halijawaka, dawa ni ya kumwaga, na kideri kikipita hapa kwetu hakiachi hata jogoo.

Asubuhi Salome akaziweka betri barazani, akaniambia, "Bibi, nakwenda Singida mjini kutafuta nyaya nene na fyuzi. Mtu asiziguse hizi."

Mtu asiziguse. Mimi nikajihesabu si mtu.

Nilitaka tu kuzisogeza nifagie. Nikainua moja, ikanyanyuka kama debe la pumba! Jamani, betri nazijua, ile ya sola ya kanisani ilibebwa na wanaume wawili wanahema. Nikasema hizi zimekuja tupu, mjukuu wangu ataaibika mbele za watu. Na tiba ya betri iliyochoka ninayo, redio yangu ikianza kukoroma naanika betri zake juani, jioni naisikia taarifa ya habari vizuri kabisa. Basi nikazipeleka nyuma ya nyumba kwenye jiwe ninaloanikia michembe ya viazi (mawe yetu yakishika jua huyakanyagi pekupeku), nikazipanga katikati ya michembe, nikazifunika nailoni nyeusi kuku wasizinyee na joto likae, nikaenda zangu kupepeta ulezi.

Salome aliporudi, uani watu wamejaa na kuku kwenye matenga. Nikazibeba mwenyewe kwa kitenge, kama unavyoipua sufuria, nikapitia mlango wa nyuma hadi barazani, nikaziingiza garini. Zilikuwa za moto kweli. Nikajisemea, zimeshiba.

Mngemwona mtoto anavyofanya kazi! Glavu mikononi, hana papara, anakaza mikanda betri zisiruke barabarani, anaweka fyuzi, anamweleza daktari kwamba chaja ya zamani lazima abadilishe mpangilio wake kwa sababu hizi hazilishwi kama zile za tindikali, na daktari anaitikia kama mwanafunzi. Kifua kilinijaa. Akawasha. Kimya. Akapima, kipimo kinasoma sifuri. Akachomeka chaja, betri hazipokei kitu.

Hapo ningenyamaza. Badala yake nikasimama kwenye ngazi ya gari nikapaza sauti, "Daktari kauziwa maganda! Nimejua toka asubuhi! Rudini majumbani na kuku wenu!" Na watu kweli wakaanza kunyanyua matenga. Daktari akampigia muuzaji, akaweka sauti ya wazi, mimi nikamnyang'anya simu.

"Shikamoo mama," akasema kijana wa watu, kwa adabu zote.

"Sitaki shikamoo yako, tapeli mkubwa!"

Nikakata. Mimi, kukataa shikamoo!

Ndipo Salome akavua glavu, akaweka kiganja ubavuni mwa betri, akakitoa upesi. Akaifungua mikanda, akaiinamisha. Chini kimeganda kipande cha mchembe.

Akaniangalia. Kisha akakibandua taratibu, akakitia mfukoni, akawaambia watu, "Hazijafa. Zimepata joto kali, na ndani zina ulinzi unaozizima zenyewe zisiungue. Tuzipumzishe kivulini."

"Joto la wapi," akauliza Mama Zuhura, "na zilikuwa barazani?"

Salome akajifanya anakagua mkanda. Nikaona macho ya daktari yanahama kutoka kwenye betri kwenda kwa mjukuu wangu, kama anayejiuliza huyu fundi amezilaza wapi mali zangu. Hilo sikuliweza.

"Nimezianika mimi," nikasema. "Juu ya jiwe. Na michembe."

Walicheka mpaka tenga moja likapinduka. "Bibi, ulizigeuza upande wa pili?" Mama Zuhura huyo.

Tukazilaza jikoni kwangu, kwenye sakafu ya udongo, tukangoja huku daktari akichungulia barafu yake na mimi nikichungulia uso wake. Jua lilipoinama Salome akazirudisha, akachomeka chaja, taa ndogo ya kijani ikawaka, na friji likanguruma. Daktari akaingiza dawa yake, akatoka na kichupa, tone moja jichoni kwa kila kuku mpaka wa mwisho. Betri zimewaka hazina mlio, hazina harufu. Nimezikubali. Kitu chepesi namna ile kinajua kujifunga kabla hakijaharibu, na mimi na umri huu mdomo umenishinda kufunga.

Nikamwomba daktari simu tena, na sauti iwe ya wazi, wote wasikie.

"Mwanangu, betri zako ni nzima. Mjinga ni mimi. Na ile shikamoo yako ya mchana sikuipokea."

Akaanza upya, kama ninavyowafundisha watoto wa hapa. "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Marahaba sana."

Tangu hapo juani naanika kilichotoka shambani tu. Na betri za redio. Hizo ni zangu, na zinapona.