Tembe za Wageni

Ilikuwa Jumamosi, mwezi wa Aprili mwaka 1994, nami nilikuwa nimekaa mlangoni pa nyumba ya nyanya yangu, nje kidogo ya soko la Kosele, nikipepeta karanga za mbegu. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri kisha ikakatika. Udongo ulitoa harufu nzito ya shamba lililolimwa upya, na maganda makavu yaliruka kutoka kwenye ungo yakanaswa na nyasi zilizolowa. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja. Nilipomaliza niliweka ungo chini, nikajipangusa mikono kwenye gauni. Mara nikasikia nyanya akiniita kutoka ndani kwa sauti ya mtu aliyechoshwa: “Nyieka, hebu acha kupepeta. Umenipepetea masikioni tangu asubuhi.” Nikamjibu kwamba nimekwisha acha. Akauliza, “Basi ni nani anayepepeta?”

Sisi tulimwita Dani, ambalo ndilo jina la nyanya kwa Dholuo, naye aliniita nyieka, yaani mke mwenzangu, utani ambao nyanya wa kwetu huwatania wajukuu wao wa kike. Mama yangu alikuwa mwalimu mjini Migori, na kila shule zilipofungwa mwezi wa Aprili alinipeleka kwa Dani nimsaidie kupanda. Mwaka huo hatukupanda pamoja. Siku chache baada ya mimi kufika, Dani aliteleza kwenye ukingo wa shamba akiwa amebeba jembe, akaangukia nyonga. Mfupa haukuvunjika, ila maumivu yalimlaza. Katika zahanati alipewa tembe nyeupe za aspirini ndani ya bahasha ndogo ya karatasi, akaambiwa azimeze baada ya chakula, asizidishe. Bahasha hiyo aliiweka chini ya mto. Kwa unyevu wa msimu ule, tembe zilianza kutoa harufu kali ya uchachu, kama uji uliosahauliwa chunguni, na mimi niliyelala kitanda kimoja naye niliivuta harufu hiyo kila nilipogeuza kichwa.

Habari za kuanguka kwake zilienea, na wageni wakaanza kuja. Pale kwetu hakuna mtu anayekwenda kumwona mgonjwa mikono mitupu. Zamani walileta mayai, maziwa yaliyoganda au unga wa wimbi. Lakini katika miaka ile maduka ya sokoni yalikuwa yakiuza tembe za maumivu kando ya sukari na sabuni, mbili mbili ndani ya karatasi za rangi, na tembe zilikuwa nyepesi kubeba na zilionyesha kwamba mgeni amefikiria ugonjwa wenyewe. Kwa hiyo walileta tembe. Mgeni aliketi, akasali, akasimulia jinsi dawa hii ilivyomponya shemeji yake aliyekuwa hawezi hata kuinama kufunga viatu, kisha akangoja. Hakuna aliyesema kwamba anangoja, ila hakuondoka mpaka aone Dani amemeza. Nami ndiye niliyetumwa kuleta maji.

Wa kwanza kuzidisha ukarimu alikuwa jirani yetu, Min Awuor, mama mnene mwenye kicheko cha kusikika ng’ambo ya mto. Alileta tembe za karatasi nyekundu, akasimama kichwani pa kitanda mikono kiunoni. “Meza, mama, tuone,” alisema. “Ama unataka mpaka nikutafunie kama mtoto?” Dani alicheka huku akishika nyonga yake, akameza. Akina mama wa kanisani walileta za karatasi ya manjano. Mwisho akaja mjomba wangu Odera, mwana wa mwisho wa Dani, ambaye alichimba dhahabu Macalder. Alikuwa amesafiri kutwa nzima katika mvua, na sehemu ya njia alikwenda kwa miguu kwa sababu gari lilikwama matopeni. Suruali yake ilikuwa na tope jekundu hadi magotini. Kutoka mfuko wa shati alitoa kifurushi kilichofungwa vizuri kwa karatasi ya nailoni. Ndani yake mlikuwa na tembe ambazo, alisema, wachimbaji walizimeza kabla ya kushuka shimoni ili mgongo usiwasumbue. “Hizi si za watoto, Mama,” alimwambia kwa fahari. “Mimi mwenyewe ndizo zinazonishikilia.” Dani aliutazama uso wa mwanawe, akaangalia miguu yake iliyochakaa kwa safari, akafungua mdomo kabla sijafika na maji.

Kelele za masikioni zilianza baada ya hapo. Nilipomweleza Min Awuor kwamba Dani anasikia mtu akipepeta mahali pasipo na mtu, hakucheka. Marehemu babu yangu alikuwa akipanda karanga katika shamba lile lile, na haikuwachukua wazee wa jirani muda mrefu kuamua ni nani aliyekuwa akipepeta na ni kwa nini anamwita mkewe. Walisema kwa kunong’ona, lakini walisema mbele yangu, nami nikaanza kuogopa ungo uliokuwa umeegemezwa ukutani. Akina mama wa kanisani wakaja kumwombea, na baada ya maombi, kwa huruma, wakampa tembe nyingine. Kufikia Jumatatu Dani alikuwa akipumua haraka haraka kama mtu aliyepanda mlima, jasho likimtiririka wakati mimi nilikuwa nikitetemeka kwa baridi. Niliposema naye ilinibidi nipaze sauti. Chakula kilimkinai. Halafu akatapika, na kilichotoka kilikuwa cheusi, chenye chembechembe kama majani ya chai yaliyobaki chini ya kikombe.

Mjomba Odera alikuwa amekwisha rudi Macalder. Min Awuor ndiye aliyeazima baiskeli, tukamkalisha Dani kwenye kiti cha nyuma, yeye akisukuma na mimi nikimshikilia mgonjwa asianguke. Sista wa zahanati, mwanamke mtaratibu wa makamo, alimpima mapigo ya moyo huku akitukazia macho. “Amekunywa dawa gani?” aliuliza. Min Awuor akajibu, “Zile mlizompa.” “Na nyingine?” “Hakuna nyingine.” Min Awuor hakuwa akisema uongo. Nimelifikiria jibu hilo kwa miaka mingi, na bado naamini kwamba mtu yeyote wa boma letu angelitoa vivyo hivyo. Kwetu sisi dawa ilikuwa kitu kinachotolewa na sista. Hizo nyingine zilikuwa salamu, na nani anayehesabu salamu alizopewa? Sista alirudia swali, safari hii akilibadilisha, akinielekea mimi: “Waliokuja kumwona, walimpa nini?” Nikamwambia. Akanituma nyumbani mbio, nilete kila karatasi iliyokuwa chini ya mto.

Nilipozimwaga mezani, nyekundu, manjano, nailoni ya mjomba na bahasha ya zahanati, chumba kilijaa ule uchachu. Sista alisoma maandishi madogo ya kila karatasi, na ile ya mjomba, ambayo haikuwa na maandishi, akaichambua kwa kucha na kuinusa. Kisha akatueleza polepole, kama anayezungumza na watu waliofiwa, kwamba karibu zote zilikuwa na aspirini ndani yake. Majina yalikuwa mbalimbali, rangi mbalimbali, na baadhi zilichanganywa na vitu vingine, lakini mgonjwa alikuwa amelishwa dawa ile ile na kila aliyempenda. Aspirini ikizidi mwilini, alisema, hupiga kelele masikioni kabla ya kufanya makubwa zaidi, na tumbo lisilo na chakula hulikwangua mpaka litoke damu. Min Awuor alikaa chini sakafuni. “Kwa hiyo ni sisi tunaomuua?” aliuliza. Sista akamjibu, “Bado hajafa. Lakini leo mtu asimpe hata moja, hata iwe ya askofu.” Halafu akaenda kutafuta gari la kumpeleka Dani hospitali ya Homa Bay.

Aliwekewa maji ya mshipani, akaongezewa damu, na kwa siku kadhaa hatukujua kama angerudi nasi. Mama yangu alikuja kutoka Migori akakaa kitini kando ya kitanda, bila kusahihisha daftari hata moja kati ya yale aliyokuja nayo. Asubuhi moja Dani alifumbua macho, akasikiliza kwa makini, akaniambia, “Nyieka, ameacha.” Nilijua ni nani. Hapo ndipo nilipolia, ingawa nilikuwa nimejizuia wakati wote.

Tulimchukua akapumzike kwetu Migori. Lakini sista alikuwa ametupa neno ambalo halikumtoka mama kichwani: kwamba anayemeza tembe hizo kila siku bila kula, na jioni akanywa chang’aa, ile pombe kali wanayokunywa wachimbaji, juu yake, anachimba shimo ndani ya tumbo lake mwenyewe. Mjomba Odera alipaswa kuambiwa. Dani alikataa. Alisema mtoto aliyetembea kwa miguu kwenye mvua hawezi kuambiwa kwamba alichokuja nacho kilikuwa sumu, kwamba atalibeba neno hilo mpaka kaburini. “Na asipoambiwa?” mama aliuliza. “Atafika huko kaburini kabla yako.” Kwa wiki nzima hawakuzungumza mengine. Mwishowe Dani akaniita nikae karibu yake na kalamu. Alitunga kila sentensi mdomoni kabla ya kuitamka, na niliandika upya mara kadhaa, kila alipohisi neno moja lilikuwa na makali. Mfanyabiashara wa samaki aliyekuwa akienda Macalder aliipeleka barua hiyo.

Mjomba alifika Agosti. Alisimama mlangoni, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyechelewa, na Dani akacheka mpaka akapaliwa. Aliendelea kuchimba kwa miaka mingine, bila zile tembe, ingawa tumbo lake halikupata kuwa zima tena, na hadi leo, akiwa mzee, hula uji kwa vijiko vidogo. Dani aliishi akaiona harusi yangu. Siku hizi naishi Migori, mahali ambapo kila kona ina duka la dawa lenye taa nyeupe, na watu wanasoma zaidi kuliko tulivyosoma sisi. Lakini majuzi nilikwenda kumwona mwenzangu wa kazini aliyekuwa amelazwa kwa damu kuganda mguuni, na anayemeza dawa ya kuizuia isigande. Kando ya matunda yake niliziona tembe za maumivu alizoletewa na jirani, na katika simu yake kikundi cha ukoo kilikuwa kimemjazia ushauri wa unga wa tangawizi, kitunguu saumu na mizizi. Nilimwuliza kama daktari anajua. Akashangaa: “Ajue nini? Hizi wameniletea watu tu.” Nilimsihi amwonyeshe daktari kila kitu kabla ya kumeza chochote, kwa kuwa baadhi ya vitu hivyo vikikutana na dawa yake damu huweza kukataa kukoma. Karatasi hazina rangi zile tena, lakini upendo wetu bado unapita pale pale ulipopita, mkononi mwa mgeni hadi mdomoni mwa mgonjwa. Nilipokuwa nikirudi nyumbani niliikumbuka ile barua. Tuliiandika kwa Dholuo, nami naikumbuka yote, kwa jinsi nilivyoirudia. Ilisema hivi:

“Kwa mwanangu Odera. Mimi mama yako nakusalimu. Nyonga yangu inapona na masikio yangu yametulia. Niliugua sana baada ya wewe kuondoka, kwa sababu watu walinipenda wote kwa wakati mmoja, na tumbo langu ni moja. Sista anasema dawa uliyoniletea ndiyo waliyoniletea wengine wote. Anasema pia kwamba inakula tumbo la mwenye njaa, na la mwenye chang’aa inalimaliza. Sikukasirika. Nakuomba uache kuimeza, ili ukija unikute nikiwa na mtoto wa kunizika. Mgongo ukikuuma, pumzika; dhahabu haitatoka humo ardhini ikimbie. Na ukija kuniona, njoo mikono mitupu. Nitaishika hiyo mikono. Aliyeandika ni nyieka wangu. Ni mimi, mama yako.”