Nyumba Yetu Ilikuwa Pluto

Jumamosi, tarehe 19 Julai. Baridi tangu asubuhi, na manyunyu yale ya Nairobi yasiyolowesha nguo wala kuziacha zikauke.

Mchana redio ilisema kuna chombo, hakina mtu ndani, kiko njiani kwenda kwenye mwezi mmoja wa sayari ya Mshtarii, na kitasafiri miaka. Mimi sikusoma sana, kwa hivyo usiniulize kinaendaje. Lakini safari hizo, rafiki yangu, sisi tulizifanya huku Eastlands tukiwa watoto, tena bila viatu.

Mwalimu alikuwa amechora jua na sayari ubaoni. Tuliporudi nyumbani tukaamua bomba la maji la ploti, ua mmoja wa nyumba za kupanga, ndilo jua, na kila nyumba ni sayari. Kwa mchonga vinyago, ambako vumbi la mbao lilifika hadi mlangoni, kukawa Zohali. Kwa mama wa mandazi kukawa Zuhura, na huko msongamano haukuisha. Yetu ilikuwa ya mwisho kabisa, karibu na choo. Ikawa Pluto. Sidhani walinionea. Kwa kweli ilikuwa mbali kuliko zote.

Sheria ilikuwa moja: hujatua kwenye sayari mpaka ule kitu cha huko. Siku hizo mtoto hakuingia nyumba ya mtu akatoka mdomo mkavu, kwa hivyo tuliona ni haki. Hata ukoko wa ugali ulitosha. Lakini mama yangu alifanya kazi kwenye kiwanda cha sabuni hadi giza, na kabla ya kutoka alifungia unga na sukari kabatini. Simlaumu, vilikuwa vya wiki nzima. Nilikaa kizingitini nikisikia vishindo vya miguu vikifika kwa jirani, halafu vicheko, halafu vishindo vikirudi vilikotoka.

"Njooni Pluto!" niliwaita.

"Pluto hakuna hewa!" akajibu kijana wa mama mandazi.

"Hewa iko, manze," mwingine akadakia. "Ugali ndio hakuna!"

Wakacheka. Hata mimi nilicheka, maana ilichekesha.

Kisha nyanya akaja kutoka Kakamega na gunia la viazi vitamu. "Mbona hapa hapafiki mtoto?" akauliza. "Kwani mmefiwa?" Nikamweleza habari za sayari. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema mgeni hafuati nyota, hufuata moshi. Akapika mushenye, viazi na maharagwe vilivyopondwa pamoja, na wiki hiyo watoto walijaa kwetu hadi wengine wakakalia ndoo.

Nyanya aliporudi kwake, nao wakaacha kuja. Nimefikiria mara nyingi kama walikosea. Njaa ni njaa. Pengine hata mimi ningefanya hivyo.

Ila jioni moja alikuja msichana wa mchonga vinyago, peke yake, ameshika nusu chapati kwenye kipande cha gazeti.

"Niaje, Pluto."

"Kwetu hakuna kitu," nikamwambia.

"Najua. Nimekuja nayo." Akaniwekea ile chapati mkononi. "Sasa nikaribishe."

Nikamkaribisha. Nikaikata, nikampa kwenye sahani nzuri ya mama. Akala polepole, kwa adabu, kama mtu aliyetoka mbali. Alipomaliza akapangusa mdomo. "Nimetua," akasema.

Alikuja hivyo mpaka baba yake alipowahamishia Ukambani. Sikujua hata jina la kijiji chao. Ile ploti ilibomolewa, pakajengwa maghorofa. Naambiwa hata Pluto yenyewe ilitolewa kwenye hesabu ya sayari. Waliosoma wana sababu zao.

Hapa ninapoishi sasa kila mlango ni wa chuma, na majirani nawajua kwa harufu ya vitunguu vyao tu. Nisiwasingizie, labda nao husema ni mimi nisiyepiga hodi.

Jioni tumekula ndengu na wali, mimi na mama. Mama ameuliza mbona nimepika sufuria nzima, kwani tuna wageni? Nimemwambia nilikosea kipimo.