Maji ya Kungoja Samaki

Hakuna kitu kilichowaudhi watu wa nyumba ile kama tangi la kioo lililojaa maji na halina samaki. Kila aliyepita mapokezi ya gesti aliinama, akachungulia, akaniuliza samaki wako wapi. Nikijibu bado, anacheka. Fundi rangi akanipachika jina la Mfuga Maji, na jina likanifuata mpaka sokoni. Mwanzoni nilicheka nao. Baadaye nikawa nikimwona na ndoo yake ya rangi natamani kummwagia kichwani.

Miaka ile ya ruksa, serikali ilipolegeza masharti ya biashara, kila mwenye chochote alifungua kitu. Lushoto ilijaa maduka ya vyombo vya plastiki na redio kaseti. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, alikuwa ametajirika kwa kupeleka mboga Dar es Salaam, akajenga gesti. Huko Dar aliona tangi la samaki kwenye hoteli, akalitaka la kwake. Akakumbuka kwamba kabla ya kuolewa nilifanya kazi za ndani kwa mama mmoja wa Kizungu, mke wa mtaalamu wa hifadhi ya udongo, na kwamba nilikuwa nikimtunzia samaki wake.

Akanijia jikoni. "Shemeji, nitengenezee kitu hicho. Samaki wakiishi mpaka siku ya ufunguzi, mapokezi ni yako. Utakaa kwenye kiti, uandikishe wageni."

Aliyewahi kupandisha kabichi kwa kichwa kutoka bondeni, mvua inanyesha na njia inateleza, ataelewa neno kiti lilinifanya nini. Mume wangu alikuwa kibaruani Tanga, anarudi mara chache, na maisha yangu yote yalikuwa kati ya lile bonde na jiko la mama yake. Nilikubali kabla shemeji hajamaliza kusema.

Yule mama wa Kizungu alinifundisha jambo moja kubwa, kwamba maji mapya yanaua. Samaki anakunya mlemle anamokaa, na uchafu wake ni sumu kwake mwenyewe. Kinachomwokoa ni vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyojishika kwenye mawe na kwenye sponji ya chujio, vikaila ile sumu. Tangi jipya halina vijidudu hivyo. Ni lazima uvifuge kwanza, na ili uvifuge uvipe chakula, yaani kitu kinachooza. Mimi nilifunga dagaa kwenye kipande cha chandarua nikawatumbukiza. Halafu unangoja, na kwa baridi ya Lushoto unangoja kwelikweli, maana hata vijidudu vinasikia baridi. Nilikuwa na kichupa cha dawa alichoniachia yule mama alipoondoka. Ukichota maji kidogo ukatia matone, yakigeuka kijani sumu ipo, yakibaki manjano imeliwa.

Yalikuwa kijani kwa wiki nyingi. Umeme ukikatika pampu ya hewa inazima, nami nakoroga maji kwa mkono ili vijidudu visife. Mawe yakaanza kushika utelezi wa kahawia, sponji ikawa nyeusi, na ukikaribia unasikia harufu ya bwawa. Kila nilichokiona kinachafuka nilifurahi. Asubuhi maji yalipobaki manjano, pamoja na kwamba dagaa wengine niliowaongeza walikuwa wanaozea humo, nilijifungia stoo nikalia kwa furaha. Nikamwambia shemeji aagize samaki.

Sasa nimseme mama mkwe. Alikuwa mtu wa usafi kupita kiasi. Uwanja wake ulifagiliwa kabla ya adhana ya alfajiri, na kwenye sufuria zake ungeweza kujitazama. "Usafi ni nusu ya imani," alikuwa akisema, na mimi sina ugomvi na hilo. Lakini tangi lilimkera. "Nyumba hii itasomewa dua, masheikh wataingia, na nyinyi mnaozesha dagaa mlangoni?"

Nilimwendea kwa adabu zote. Nikapiga goti, nikatoa shikamoo, nikamweleza polepole. "Mama, kila kitu usafishe, lakini yale mawe na ile sponji usiviguse. Ndiyo roho ya samaki. Vikioshwa, samaki watakufa." Nilirudia kwa Kishambaa, isije ikawa Kiswahili changu ndicho kilichokosa nguvu. Akatikisa kichwa akasema, "Haya mwanangu, nimesikia."

Samaki walikuja kwa basi mpaka Mombo, nikashuka kuwapokea. Walikuwa wekundu, wazuri, kwenye mifuko ya nailoni iliyojazwa hewa. Nilipanda nao mlimani nimewafunika kanga wasipigwe na upepo, nikafika gesti mchana. Kitu cha kwanza nilichokiona ni sponji yangu. Ilikuwa imeanikwa kwenye kamba ya nguo, katikati ya shuka, nyeupe pee, imekauka.

Ndani tangi lilikuwa linang'aa. Mawe yamesuguliwa kwa sabuni ya unga na majivu, yakasuuzwa, yakapangwa vizuri kuliko nilivyoyapanga mimi. Maji mapya ya chemchemi yamejaa hadi juu. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye mkeka hapohapo mapokezi, anachambua mchele wa pilau.

Shemeji akapiga makofi alipoona mifuko. "Watie, watie tuone!"

"Shemeji, maji haya hayajawa tayari."

"Juzi si ulisema yako tayari?"

Nilimtazama mama mkwe. Neno moja tu lingetosha, aseme, "Mwanangu, nimeyaosha mimi." Kwetu mkwe hamnyoshei kidole mama mkwe mbele ya mwanawe. Ukifanya hivyo utarudishwa kwenu, na huko kwenu nako utaulizwa ulilelewa na nani. Kwa hiyo nilingoja aseme mwenyewe. Vidole vyake vilikuwa vinaokota vijiwe vya mchele kwenye ungo, kimoja baada ya kingine.

"Watie tu," akasema bila kuinua uso. "Maji safi hayo, yanang'aa."

Sikuwa na maji mengine ya kuwaweka, na mifukoni wasingemaliza siku. Nikawatia. Kuanzia hapo nilibeba ndoo asubuhi na jioni, natoa maji, naongeza mengine, natia matone, naona kijani. Mgongo uliniuma kuliko siku za kabichi. Watu wakipita wanasema, ahaa, Mfuga Maji leo kapata samaki.

Siku ya ufunguzi masheikh walikaa kwenye mikeka, wageni wamejaa mpaka barazani. Samaki walikuwa juu kabisa ya maji, wanatweta kwa midomo. Katikati ya dua wa kwanza akageuka tumbo juu. Kisha mwingine. Nilisimama mlangoni na birika la chai, nikasikia kina mama wakinong'ona kwamba nyumba mpya kuanza na mauti ni mkosi. Mmoja akauliza ni mkono wa nani ulioleta viumbe hivyo, na vichwa vikanigeukia.

Shemeji alingoja "Amin", kisha akasema kwa sauti ya kusikika na wote, huku anacheka kicheko cha kujiokoa, "Ndilo kosa langu, jamani. Nilimwamini mtu wa jikoni." Watu wakacheka. Kiti cha mapokezi alikikalia binti aliyetolewa Tanga wiki iliyofuata. Watu walipokuwa wakicheka, mama mkwe alikuwa palepale, ushungi wake mweupe umenyooka, anagawa tende.

Nilikwenda jikoni nikajitupa kwenye masufuria. Nilikuwa nasugua kwa hasira hadi vidole vikachubuka. Na hata hapo, niamini usiniamini, nilikuwa namtetea moyoni. Mtu mzima, amesahau. Hakuelewa. Alifikiri ananisaidia. Ilikuwa njia pekee ya kuendelea kuishi naye nyumba moja.

Akaingia, akafunga mlango nyuma yake, akaniwekea mkono begani.

"Mwanangu, leo umenisitiri," akasema kwa Kishambaa, taratibu. "Uliniambia nisiyaguse, nikayagusa. Ungeweza kunitaja mbele za watu, hukunitaja. Wewe ndiye mke niliyemwombea mwanangu kwa Mungu."

Kumbe alikuwa amekumbuka kila neno. Alilikumbuka alipokuwa anachambua mchele, na alilikumbuka alipokuwa anagawa tende. Kifua kilinijaa matusi ambayo sikujua kama ninayajua. Nikainua uso kutoka kwenye sufuria, nikamwambia, "Ahsante, mama."

Shemeji nilishamsamehe, na fundi rangi pia. Ile ahsante yangu naichukia mpaka leo.