Siku Viti Vilipoletwa Mlangoni Kwangu

Mimi ndiye trezoriye, mtunza pesa wa ua wetu hapa Rumonge, na sioni haya kujisifu. Tuko nyumba sita ndani ya ua mmoja. Kila mwenye nyumba ana hati yake, lakini geti, mlinzi na pampu ya maji ni vya wote. Kwa hiyo kila mwezi kuna kotizasiyo, mchango wa kila nyumba, na anayeikusanya ni mimi. Hatujawahi kumshtaki mtu wala kumkatia maji. Sisi tuna viti.

Ni hivi. Mtu akikwama kulipa, sisi wengine tunabeba kila mmoja kiti chake, tunaenda kukaa mbele ya mlango wake. Amahoro, amahoro, kwa amani tu. Tunaongea mvua, bei ya samaki wetu mukeke, harusi za watu. Habari ya deni haitajwi mpaka mwenyewe aitaje. Lo! Hakuna aliyewahi kuvumilia mpaka jioni.

Sharti ni moja: chakula chake huli. Mwanzoni tulienda kwa mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili, mzee mcheshi aliyerudi kutoka Tanzania. Akatutolea mukeke wa kuchoma na ugali wa muhogo, na wajinga sisi tukala. Utamdaije mtu huku vidole vyako vinanuka samaki wake? Tukasema murakoze, asante, tukarudi na viti vyetu. Nilikasirika wiki nzima. Ndipo nikaweka sharti hilo, na mwalimu nikamkalia mpaka akalipa.

Basi mwaka jana pampu ikafa. Fundi alitaka pesa yote kwanza. Watano walilipa. Wa sita alikuwa nani? Mimi, jamani! Mnunuzi mmoja alichukua mawese yangu kwa mkopo, akaenda zake Bujumbura, akazima simu. Daftari liko kwangu, nikanyamaza. Majirani wakawa wanachota maji ziwani kwa madumu, nami nawaambia fundi anachelewa. Wallahi nilijichukia.

Mwishowe walimpigia fundi wenyewe, akawaambia bado anangoja pesa. Jumamosi mchana nikasikia viti vinaburuzwa kwenye simenti, vikasimama mlangoni kwangu. Nilikuwa nakaanga ndagala, dagaa wa ziwani. Nikajaza sinia, nikalibeba mpaka mlangoni. Ndiyo, nilitaka kuwafunga midomo! Mwalimu alikuwa amekaa mbele kabisa. Akaliangalia sinia, akageukia wenzake, akasema mvua mwaka huu itachelewa.

Nikarudisha sinia jikoni, nikachukua kiti changu na daftari, nikatoka nikakaa katikati yao. Nikasoma kwa sauti, nyumba moja moja, mpaka ya mwisho.

"Nyumba ya sita haijalipa. Ni ya trezoriye, na amewadanganya."

Kisha nikawaonyesha kona ya baraza. "Pipa la mawese liko pale. Nililiweka kwa harusi ya binti yangu. Lipelekeni sokoni."

Hakuna aliyesema, "Pole, acha tu, mama." Hata mmoja! Wanaume wawili walilibingirisha mpaka getini mbele ya macho yangu, na mpaka leo najivunia majirani wa namna hiyo. Daftari waliniachia.

Mwalimu peke yake hakuinuka kitini.

"Mama trezoriye," akasema, "deni limekwisha. Sasa zile ndagala si zinapoa?"

Nikaenda kuzileta.